Mpaka Ifike Kwaya

Radjabu, fundi wa redio, alikuwa na ugonjwa mmoja ambao dawa yake haikuuzwa katika duka lolote la Likasi: hakuwahi kukosea. Redio aliyokutengenezea ikizima njiani kabla hujafika nyumbani, basi wewe uliibeba vibaya. Ikitoa moshi, basi watoto wako waliichezea. Mayimuna, mke aliyeishi naye miaka ishirini na sita, alikuwa akisema kwamba siku Radjabu atakapotamka "kosa ni yangu," siku hiyo mvua itanyesha kutoka chini kwenda juu. Fundi alikuwa fundi kweli, hilo halina ubishi, na hakuwaibia watu vipuri kama wenzake wengi. Lakini kujiona, ee, alijiona.

Mwezi wa pili wa mwaka tisini na nne, katikati ya mvua, mwanamke mzee aliingia katika kibanda chake pembeni ya soko la mjini. Hakuwa na redio mkononi, wala hata kipande cha waya.

"Mama, karibu. Mashine iko wapi?" Radjabu akamuuliza.

"Iko ku nyumba, kule Panda. Haikufa."

"Kama haikufa, miye nitatengeneza nini?"

"Niko na kaseti ya mutoto wangu," mama akasema. "Iko moja tu. Ninataka ikuwe mbili."

Aliitwa mama Julie, na Julie lilikuwa jina lake mwenyewe. Marehemu mume wake, Kitenge, alifanya kazi miaka thelathini katika karakana za kampuni ya migodi pale Panda, na mama alikuwa bado anaishi katika nyumba ile ile ya kambi waliyopewa walipooana. Mtoto wao alikuwa mmoja, Hénoc. Hénoc alizaliwa Panda, akasoma Panda, akacheza mpira Panda. Kasai aliijua kwa jina tu, kwa sababu baba yake alitoka huko. Kisha ukaja ule mwaka ambao watu wenye asili ya Kasai waliambiwa warudi kwao, hata wale ambao huko kwao hawakuwahi kukuona. Hénoc alilala majuma saba kwenye kituo cha gari la moshi, chini ya kipande cha plastiki, pamoja na maelfu ya wenzake, mpaka alipopata nafasi ndani ya behewa. Mama Julie hakuguswa na mtu, maana yeye ni wa hapa hapa, ukoo wake uko upande wa Bunkeya. Alibaki na Glodie, binti wa marehemu dada yake, ambaye alimlea tangu ananyonya.

Miezi michache baadaye mfanyakazi mmoja wa reli alileta kaseti. Hénoc alikuwa ameazima redio ya mtu kule Mwene-Ditu, Kasai, akazungumza nusu saa nzima juu ya kaseti ya zamani ya kwaya ya kanisa lao. Alisalimia majirani nyumba kwa nyumba. Aliuliza kama mbwa bado anaogopa radi. Alikumbusha siku mama yake alipomrushia pasta wa kanisa kandambili akidhani ni mwizi wa kuku, na hapo akacheka, akacheka mpaka akakohoa. Mwishoni akasema, "Mama, usilie, tutaonana," pakasikika mlio mdogo, halafu kwaya ikalipuka katikati ya wimbo, pale ambapo maneno yake hayakufika kuufunika. Miezi minne baada ya kaseti ilikuja barua. Hénoc aliugua tumbo siku tatu, na wenzake walikuwa wameshamzika.

Tangu barua ile mama Julie aliisikiliza kaseti kila siku jioni, na kaseti ikaanza kuchoka. Sauti ilikuwa inazama na kuibuka. Mahali pengine Hénoc alisikika kama mtu anayesema akiwa ndani ya pipa. Glodie ndiye aliyemwambia mama siku moja itakatika na hawatabaki na kitu. Ndiyo maana mama alitembea kutoka Panda mpaka sokoni na mvua yote ile.

"Hii ni kazi ya nusu saa," Radjabu akamwambia. "Nina mashine ya kurekodi, nzuri, niliinunua kwa Mzungu aliyekuwa anaondoka. Kesho uniletee kaseti."

"Apana, fundi. Kaseti haitoke mu nyumba."

"Mama, kaseti haina miguu. Nitakurudishia."

"Mutoto wangu alitoka mara moja, inatosha," mama Julie akasema.

Radjabu, pamoja na kujiona kwake kote, alikuwa na moyo. Hakubishana tena.

Basi kesho yake, saa kumi alipofunga kibanda, alifunga mashine nyuma ya baiskeli, ndani ya kitenge cha Mayimuna, akapanda mpaka Panda. Alipima umeme penye tundu la prizi ya sebuleni kwa kipimo chake cha mshale, akakuta mambo ni mazuri. Umeme kutoka bwawa la Koni ulikuwa unaingia mzima, bila neno. Alipima mara moja, siku ile ya kwanza, na hakupima tena. Kwa nini apime tena? Alikuwa ameshapima. Taa yenyewe ya sebuleni ilikuwa imekufa tangu Noeli, na ni nani wakati ule aliyekuwa anabadilisha taa?

Alipanga vitu vyake mezani. Redio kubwa ya marehemu Kitenge ndiyo ingesoma kaseti ya Hénoc, mashine yake ingerekodi kwenye kaseti mpya, na kati yao waya mmoja aliouchomelea kwa mkono wake. Mama Julie alikaa kwenye kiti cha mumewe, akakunja mikono.

"Glodie," akasema, "angalia mugeni."

Glodie akaitika, akatoka kwa mlango wa nyuma kwenda jikoni, ng'ambo ya kiwanja. Radjabu akabonyeza. Taa ndogo nyekundu ya mashine yake ikawaka, na Hénoc akaanza kusalimia majirani.

Walifika dakika ya kumi na mbili. Ghafla mashine ya Radjabu ikafanya "tak!", kitufe kikaruka juu, taa nyekundu ikafa. Redio ya Kitenge iliendelea peke yake. Hénoc alikuwa anazungumza, na hakuna aliyemrekodi.

"Imefika kwaya?" mama akauliza.

"Bado, mama. Kidogo tu."

Alifungua, akafunga, akasubiri, akajaribu tena, mashine ikakatika tena. Akakaza waya, akarudisha kaseti mwanzo, ikakatika tena. Mashine ilikuwa kama mtu anayekaribishwa ndani na kutoka mbio bila kuaga. Radjabu akatoa jasho. Akasema ni vumbi la njiani.

Alipoanza kufunga mizigo, Glodie aliingia na sinia. Bukari, ule ugali laini, yenye kutoa moshi, sombe ya majani ya muhogo, na samaki mmoja mkavu aliyelowekwa mpaka akalainika.

"Kula, baba," mama Julie akasema. "Najua Baislamu hamukule nyama ya kila mahali. Hii ni samaki, kula bila woga."

"Mama, sijafanya kazi yoyote leo."

"Kazi ni kazi, njala ni njala. Mugeni hawezi kutoka mu nyumba ya Kitenge na tumbo wazi. Glodie, leta maji anawe."

Radjabu alikula. Alikula vizuri, tena alisifu. Aligundua kuwa wenyewe hawakula pamoja naye, lakini akafikiri watakula baadaye, kama watu wanavyofanya mbele ya mgeni.

Siku ya pili mashine ilikatika dakika ya tisa. Siku ya tatu, ya kumi na nne. Radjabu alianza kuandika dakika hizo juu ya pakiti ya sigara, na kila usiku alizitazama kana kwamba zitamwambia jambo. Alichomelea waya upya, na huo ulikuwa mzima. Alibadilisha kichwa cha prizi, akasafisha vichwa vya mashine kwa spiriti, akabadilisha mkanda wa mpira, akafungua fyuzi akaitazama mbele ya jua. Hata meza aliikwepa, akaiweka mashine chini. Siku moja alijaribu kwa mawe ya redio, yaani betri, yale yale ya zamani ambayo watu walikuwa wanayaanika juani ili yapate nguvu kidogo. Yalikuwa yamechoka, na sauti ya mtu ingerekodiwa ikikimbia kama ya kuku. Akayatoa haraka kabla mama hajasikia mtoto wake akigeuzwa kuwa mchezo.

La kumkasirisha zaidi ni kwamba pale kibandani mashine ilikuwa inafanya kazi kutwa nzima bila hata kikohozi. Ikifika Panda, dakika kumi, "tak!"

"Labda mashine yako ni Mwislamu safi," Mayimuna akamwambia. "Inaona kwaya ya walokole inakaribia, inakimbia."

"Mayimuna, usinichekeshe. Ni kazi ya watu."

"Nicheke nini? Mimi ninapanga makaa moja moja kwenye jiko la mbabula kukupikia, wewe unarudi umeshiba. Kule kambini raha yao, umeme ni wa kampuni, hawahesabu makaa. Basi nenda ukahamie."

Kweli Radjabu alikuwa anarudi ameshiba. Kila mara alipokwenda Panda, mara mbili kwa juma, sinia lilikuja.

Juma la tatu likatokea baya zaidi. Kwa hasira alirudisha kaseti haraka haraka, na redio ya Kitenge ikatafuna mkanda. Alipofungua, uzi wa kahawia ulikuwa umejisokota kwenye mpira kama utumbo wa samaki. Mama Julie aliinuka kwenye kiti. Hakupiga kelele, alishika tu kifua. Radjabu alifanya kazi robo saa kwa kalamu ya risasi na vidole viwili, polepole, mpaka mkanda ukarudi ndani. Haukukatika, lakini sehemu moja ilikuwa imekunjamana.

"Mama, nisikilize vizuri," akasema. "Kuanzia leo mtu yeyote asiisikilize hii kaseti. Wewe pia. Kila ukiisikiliza inaliwa kidogo. Nitatumia kaseti yangu kutafuta ugonjwa, na siku nitakayoupata, tutaisoma hii mara moja tu, tunarekodi, imekwisha. Hapo utasikiliza ile mpya mpaka uchoke."

"Hata kidogo nisisikie?"

"Hata kidogo."

"Siku ngapi?"

"Juma moja. Juma moja na nusu, mama."

Mama Julie akatikisa kichwa kukubali. Aliifunga kaseti ndani ya kitambaa, akaitia kifuani ndani ya blauzi, na tangu siku hiyo ilikaa pale. Alitii. Glodie alisema baadaye kwamba jioni ikifika alikuwa anaitoa, anaiweka sikioni ikiwa ndani ya kitambaa, anakaa hivyo muda aliokuwa amezoea, halafu anairudisha. Kuna wasikilizaji watakaosema angesikiliza tu, nani angemjua? Hao hawakumjua mama Julie. Fundi alikuwa amesema.

Juma moja na nusu likapita, kisha majuma mawili, na Radjabu bado hajapata kitu. Alikuja na kaseti yake ya majaribio, mashine ikakatika, akala, akaenda. Glodie alimwambia mara moja, "Baba Radjabu, labda uje asubuhi, tuone." Akajibiwa kwamba asubuhi ni ya kibanda, na kwamba umeme hauna asubuhi wala jioni. Ndivyo alivyosema. Mtu akishajiona anajua, hata mlango uliofunguliwa mbele yake anaupita.

Juma la tano mama Julie alikuwa amekonda. Miguu ilikuwa imevimba. Alisema ni presha, na dawa ya presha ilikuwa haionekani. Alibaki kwenye kiti cha mumewe, akimtazama fundi akipiga magoti mbele ya mashine.

"Fundi," akasema, "tutafika lini ku kwaya?"

"Karibu, mama. Nimebakiza kitu kimoja cha kuangalia."

"Nikuambie kitu, usinicheke. Maneno yake yote niko nayo hapa." Akagusa kichwa. "Ninaweza kukusomea yote, mwanzo mpaka mwisho. Lakini kicheko kinanipotea. Jana nimekitafuta, sikukiona. Nikajaribu kucheka miye mwenyewe namna yake, haikuwa yeye." Akapeleka mkono kifuani. "Nisikie tu pale anacheka. Pale tu. Baba, tafazali."

Radjabu aliuona mkono wake ukiwa tayari ndani ya blauzi. Jambo hilo lilimchoma, haifai kusema halikumchoma. Lakini alijua pia mahali mkanda ulipokunjamana: palikuwa karibu kabisa na kicheko kile, na ufundi wake wote ulimwambia kwamba hapo ndipo utakatika.

"Mama, ukisikia leo, kesho haitakuwako tena. Vumilia kidogo. Mimi nimesema nitaimaliza, nitaimaliza."

"Haya," mama akasema, akatoa mkono mtupu. "Weye ndiye unajua. Glodie! Umeshaangalia mugeni?"

"Niko njiani, mama," Glodie akajibu, akatoka nyuma. Dakika nane baadaye, "tak!"

Hiyo ilikuwa siku ya Jumanne. Ijumaa asubuhi, Radjabu akiwa anafungua kibanda, alifika Germaine, jirani wa mama Julie, ameshika viatu mkononi kwa ajili ya matope. Alikuwa amekimbia.

"Mama Julie alituacha jana magaribi," akasema. "Glodie anasema ukuje na mashine. Ukuje sasa hivi."

"Mashine?" Radjabu akauliza.

"Mama aliacha neno: kaseti iende naye mu sanduku. Bakubwa ba familia bamekubali, neno ya marehemu haivunjwe. Tunazika saa nane. Glodie analia, anasema kama haikukuwa mbili mbele ya saa nane, yote mbili inamupotea, mama na Hénoc."

Radjabu alifunga kibanda bila hata kuondoa redio za watu kwenye meza ya nje. Njia nzima kupanda Panda alikuwa anasema peke yake juu ya baiskeli, "Inna lillahi, inna lillahi," na katikati yake, bila kutaka, alikuwa anahesabu: kumi na mbili, tisa, kumi na nne, nane.

Kilio kilikuwa kimejaa. Wanaume walikaa nje kwenye mabenchi. Vyombo vyote vya sebuleni vilikuwa vimetolewa uani, hata kiti cha Kitenge, na wanawake walikuwa chini kwenye mikeka kulizunguka sanduku, wakiimba kwa sauti zilizokauka. Glodie alimpokea mlangoni. Macho yake yalikuwa yamevimba. Hakumlaumu kwa neno lolote, na Radjabu angependa alaumiwe.

"Nimekuwekea mu chumba," Glodie akasema. "Redio ya baba iko pale. Kaseti hii." Akaifungua kutoka kwenye kitambaa. "Fanya tu hata dakika kumi, baba. Zile kumi zako. Nitashukuru."

Zile kumi zako. Radjabu aliingia chumbani, akafunga mlango. Aliunganisha waya. Akasema bismillahi, akabonyeza.

Hénoc akaanza kusalimia majirani. Radjabu aliinama juu ya mashine, jicho kwenye taa nyekundu. Dakika ya nane ikapita, kisha ya kumi. Mkanda ukafika pale ulipokunjamana, sauti ikayumba, ikazama, Radjabu akaacha kupumua, ukapita. Kijana akasimulia habari za pasta na kandambili, akacheka. Alicheka kwa nguvu, kwa kifua kizima, kama mtu asiye na shida yoyote duniani, na kule sebuleni mama yake alikuwa amelala ndani ya sanduku na pamba puani. Radjabu akaanza kulia. Taa ilibaki inawaka. Dakika ya kumi na nne, ya ishirini, ya ishirini na nane. "Mama, usilie, tutaonana." Mlio mdogo. Na kwaya ikalipuka.

Imefika. Bila kukatika hata mara moja.

Alitoa kaseti mpya, akaigeuza mkononi, na badala ya furaha akaingiwa na hofu. Kwa nini leo? Hakubadilisha kitu. Waya ni ule ule, mashine ni ile ile, prizi za nyumba ni za mstari mmoja. Fundi hawezi kuona kitu kinapona bila kujua kilikuwa kinaugua nini. Akatia kaseti ya majaribio, akaiacha mashine inazunguka, akatoka kwa mlango wa nyuma, akitafuta maji ya kunawa uso.

Uani wanawake walikuwa wanapika kwa kuni, sufuria kubwa tatu juu ya mawe, moshi ukiwazunguka. Germaine alikuwa anasonga bukari kwa mwiko mrefu. Mlango wa jiko dogo la nyumba ulikuwa wazi, na ndani hapakuwa na mtu. Juu ya kaunta ya saruji palikuwa na resho, lile jiko la umeme la zamani la sahani moja, waya wake umeungwa kwa vipande vya plastiki, na sufuria ndogo imegeuzwa juu yake.

"Hamutumii hii?" Radjabu akauliza.

"Ku kilio?" Germaine akashangaa. "Ku kilio moto ni ya inje, baba. Mu jiko ya marehemu hatupike mpaka tutoke ku makaburi. Kwenu haiko vile?"

Radjabu aliondoa sufuria, akachukua kichwa cha waya wa resho, akakitia kwenye prizi ya jikoni. Nyuzi zikaanza kuwa nyekundu. Alirudi chumbani kwa hatua ndefu, ambako mashine yake ilikuwa bado inazunguka na kaseti ya majaribio aliyoitia, bila mtu. Akasimama juu yake. Alihesabu mpaka thelathini na tano.

"Tak!" Kitufe kikaruka juu. Taa nyekundu ikafa. Resho lilikuwa linavuta umeme wa mstari mzima, na taa ya sebuleni, ingekuwa hai, ingefifia na kumwambia tangu siku ya kwanza.

Alirudi jikoni kuchomoa. Germaine alikuwa amesimama mlangoni, anapangusa macho kwa sababu ya moshi.

"Ile resho," akasema, "tuliizoea kuiona inawaka siku zako tu. Tulikuwa tunasema, leo kwa mama Julie kuna harufu ya samaki, fundi amekuja. Siku ingine walikuwa wanakula muhogo baridi, yeye na Glodie. Alikuwa anakuja kwangu kuomba unga, anasema, haiko yangu, iko ya mugeni."

Radjabu aliegemea kaunta. Alikumbuka masinia yale, moja baada ya jingine. Kila mara mama alipomwita Glodie, na kila mara Glodie alipotoka nyuma. Alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine majuma matano, akitafuta ugonjwa ndani ya waya, na ugonjwa wenyewe alikuwa anaukaribisha mezani, anaula, anausifu, anaomba maji ya kunawa. Na asubuhi moja tu ingetosha. Au kupima mara ya pili. Au kusema, mama, leo nisile.

Glodie alimkuta pale pale.

"Imefika wapi?"

"Imefika kwaya, binti yangu. Yote." Akamwekea kaseti mpya mkononi. "Mara ya kwanza. Haikukatika hata kidogo."

Glodie aliishika kwa mikono miwili. Akalia kwanza, ndipo akauliza. Radjabu alijua atauliza.

"Sasa siku zile zote ilikuwa nini? Juu ya nini leo ikubali?"

Radjabu alimtazama. Ndiye aliyekuwa anatumwa jikoni, ndiye aliyekuwa anawasha. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na angebaki peke yake katika nyumba hii, na jiko lile, miaka mingi. Germaine alikuwa amesharudi kwenye sufuria zake; hakuelewa alichokiona.

"Ilikuwa waya wangu," Radjabu akasema. "Ule niliouchomelea mwenyewe. Ulikuwa mbovu."

"Ulituambia waya ni muzima. Mara tatu ulisema."

"Nilisema uongo. Kosa ni yangu, Glodie. Yangu peke yangu."

Hasira ilimpanda Glodie usoni, hasira ya kweli, na Radjabu akaipokea yote bila kuinamisha macho. Kisha Glodie akasema kwa sauti ndogo, "Mama alikuwa anasema weye haukosee," akageuka akaingia ndani.

Ilipokaribia saa nane wakubwa wa familia walimwita fundi atie mwenyewe kaseti ndani ya sanduku, maana yeye ndiye aliyeishika mwisho. Wanawake walisogea kumpa njia. Mama Julie alikuwa amevishwa kitenge chake cha kanisa, mikono juu ya tumbo. Radjabu aliiweka kaseti ile ya zamani chini ya kiganja cha kulia cha mama, ndani ya kitambaa, akainama kana kwamba anainyoosha vizuri, ili watu wasimsikie.

"Mama," akasema, "imefika kwaya. Na amecheka, mama. Amecheka vizuri."

Watu wa misumari walikuwa wanasubiri nyuma yake. Alipotoka uani, Germaine alimpa sahani ya bukari na mboga, kama wote waliokuwa kwenye kilio. Radjabu alikaa kwenye benchi la mwisho, akanawa, akala mpaka sahani ikaisha, kwa sababu katika nyumba ile mgeni hakuruhusiwa kutoka na njala.